Majirani wa Meza

Alama ya X kwenye kibanda cha mama yangu niliipiga mimi mwenyewe. Ofisi ya mipango miji ilitutuma watu watatu na ndoo ya rangi nyekundu tulizunguke soko la zamani la Korogwe, tuweke alama kwenye kila ukuta na kila kibaraza kitakachobomolewa kupisha soko jipya. Wenzangu wawili walijua pale ni kwa mama. Mmoja aliniambia taratibu, "Hapa tuachie sisi, wewe nenda kanywe chai." Nilikataa. Niliona ni aibu kumwachia mtu mwingine kazi ile.

Mama alikuwa amekaa nyuma ya meza yake ya kunde na maharage, miguu ameinyoosha. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akaitazama brashi, akautazama ukuta wa mabati, kisha akasema, "Piga kubwa. Usipige kadogo kama unaona haya. Wakija na mtambo wao wasije wakatupita."

Nikapiga kubwa. Nilipomaliza machozi yalikuwa yananitoka, nikayafuta kwa mkono wenye rangi, nikajipaka shavu zima. Mama alicheka mpaka akakohoa. Jirani yake wa meza ya pili, muuza mboga, naye akacheka kwa kumfuata, halafu akauliza, "Nani analia hapo?" Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua mbili tu. Nikadhani ananitania.

Niseme kidogo hao wawili ni akina nani, maana bila wao nisingekuwa na ofisi ya kunituma popote.

Mama yangu ni Mzigua wa Misima, huko Handeni. Alikuja Korogwe mimi nikiwa mgongoni, amebeba magunia mawili ya kunde za shambani kwa bibi, akaambiwa kuna nafasi ya meza moja karibu na mfereji. Meza ya pili alikuwa amekaa mwanamke aliyeshuka kutoka milima ya Usambara, anauza kabichi, karoti na mapea yanayoletwa na magari ya alfajiri. Mama aliniambia kwamba siku ile ya kwanza yule mwanamke alimtazama kwa muda, akamwambia, "Mzigua, hapo ulipoweka gunia maji yanapita. Sogea huku kwangu." Mama akasogea. Wakakaa hivyo zaidi ya miaka ishirini, mama Mwislamu, mwenzake Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na kwa muda wote huo sikuwahi kusikia mmoja anamwita mwenzake kwa jina. Waliitana "jirani." Mimi nilimwita mama mkubwa, na nilikuwa mkubwa kiasi cha kutosha nilipogundua kwamba hatuna udugu wa damu.

Nilipokuwa kidato cha pili, mama aliugua. Alianza kwa kushika kiuno, akawa anaegemea meza, siku moja akashindwa kuinuka. Hospitali wakasema apasuliwe. Mama aliogopa kisu kuliko kifo chenyewe, akasema apelekwe Misima akafie kwao. Mama mkubwa ndiye aliyepanda kwenye kitanda cha hospitali, akakaa pembeni yake, akamwambia, "Jirani, ukiogopa kisu nani atanisogezea gunia? Nenda. Mimi nipo hapa mlangoni." Akapasuliwa, akapona, lakini ilibidi akae kwa bibi Misima zaidi ya miezi miwili apate nguvu.

Miezi hiyo nilikaa kwa mama mkubwa. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko. Kutwa aliuza meza mbili, kabichi mkono huu, maharage mkono huu, akiruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kama kuku mwenye vifaranga. Jioni nilipotoka shule aliniweka juu ya gunia, akasema, "Nisomee ulichofundishwa." Hakuwa amesoma sana. Nilimsomea jiografia na historia huku yeye anachambua karoti, na nikikosea kutamka alijua, sijui kwa vipi. Mwezi wa Ramadhani ulitukuta mama bado hajarudi. Mama mkubwa akanunua magimbi na mihogo, akapika uji, na jua lilipoanza kuzama akaketi nami mkekani, naye hajala tangu asubuhi. Nikamwambia, "Mama mkubwa, wewe si ule tu." Akajibu, "Nikila mbele yako chakula kitanikwama." Tulingoja adhana pamoja, mwezi mzima.

Kwa hiyo mtu aelewe nilivyolia siku ile ya rangi. Kwangu soko lile halikuwa mabati na matope. Harufu ya maharage mapya, sauti za wachuuzi, vumbi la asubuhi linaloonekana kwenye mwanga uliopenya matundu ya mabati: vyote vilikuwa sehemu ya malezi yangu. Nilichukua simu nikapiga picha nyingi. Nikamwambia mama, "Moyo unaniuma. Mahali hapa ndipo mliponilelea."

Mama aliacha kucheka. Akaniita nikae.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Ukitaka haja ulikwenda shuleni. Mimi hapa hapakuwa na choo. Tulikwenda kuomba kwenye nyumba ya wageni, siku wanakubali, siku wanatufukuza. Basi tukawa hatunywi maji. Naondoka nyumbani asubuhi, sinywi tone mpaka jioni. Unajua nilipougua daktari aliniambia nini? Aliniambia, mama, figo zako zimekauka, kunywa maji. Nikamjibu, ninywe nikayapeleke wapi?"

Sikujua. Miaka yote hiyo nilihesabu ugonjwa wa mama kuwa bahati mbaya iliyotukuta, na soko kuwa ndilo lililotuokoa. Kumbe soko lile lile ndilo lililomuumiza, na aliyetuokoa alikuwa mtu wa meza ya pili.

"Kwa hiyo usinililie," mama akamaliza. "Jenga choo."

Nilirudi ofisini na ari mpya. Mimi ni mtu wa mipango miji, si mkubwa, ila kazi ya kupanga nani akae wapi ndani ya soko jipya nilikuwa nimepewa mimi. Nikaikalia wiki nzima. Nafaka nikaziweka upande wa juu, pakavu. Samaki na nyama upande wa chini, maji yao yasipite kwa wengine. Mboga nikazipeleka mwisho kabisa, karibu na mabomba, wauzaji wasihangaike kubeba maji ya kunyunyizia. Nikachora karatasini, kila sehemu nikaipaka rangi yake. Mhandisi aliitazama karatasi ile akasema, "Hii imenyooka." Nikaibeba mwenyewe nikaenda kuwaonyesha mama na mama mkubwa, nikawaelekezea kwa kidole: wewe mama huku, wewe mama mkubwa kule, maji yako hapo hapo miguuni. Mama mkubwa akaishika karatasi, akaipapasa, akasema, "Ni nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki." Mama aliitazama karatasi, kisha akamtazama jirani yake.

Soko la zamani likabomolewa, wafanyabiashara wakahamia soko la muda kwenye uwanja wa wazi, na tukaamua wakae kwa mpangilio wa lile jipya ili waanze kuuzoea. Wiki mbili zilipopita nilikwenda kukagua. Upande wa mboga nikakuta meza moja imefunikwa turubai, imefungwa kamba. Nikauliza, nikaambiwa ni siku ya nne mwenyewe haonekani.

Nikaenda mpaka upande wa nafaka. Mama alikuwa anapepeta choroko.

"Mama mkubwa yuko wapi?"

"Kaenda kwa binti yake, Mazinde."

"Anaumwa?"

"Haumwi." Akapepeta mara mbili tatu, akaweka ungo chini. "Haoni."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Haoni, mwanangu. Mwaka wa tatu huu. Macho yalianza kufifia tukiwa kule kwa zamani. Noti akipewa ananipa mimi naiangalia. Mteja akija namwambia, jirani, huyu wa kanga ya njano anataka karoti. Basi yeye anapima kwa mikono, mikono yake haijasahau kitu. Hakuna aliyejua. Hata wewe hukujua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Aliogopa mtasema kipofu hafai kupewa meza."

"Na ile siku nimewaletea mpango? Si mngesema siku ile?"

Mama akanitazama, na sijasahau alivyonitazama, kwa huruma zaidi kuliko lawama. "Ulikuja umefurahi. Ulipoondoka nilitaka nikukimbilie. Yeye akanishika mkono akasema, mwache mtoto, kazi yake ni nzuri, tusimharibie."

Niliondoka sokoni kwa miguu mpaka ofisini, jua kali, na watu walinisalimia nisiitike. Macho ya mtu yule nilikuwa nimeyachukua kwa penseli nikayapeleka upande wa nafaka, nikasifiwa kwamba nimenyoosha.

Jumamosi nikaenda Mazinde. Nyumba ya binti yake iko mpakani mwa mashamba ya mkonge, mistari ya mkonge imenyooka mpaka miguuni mwa milima. Mama mkubwa alikuwa amekaa nje, sinia la mchele mapajani, anatafuta mawe kwa ncha za vidole. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Viatu vya ofisini hivyo. Karibu."

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu." Nikakaa chini, karibu na miguu yake. "Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Nimewatenganisha. Sikujua. Lakini ilikuwa kazi yangu kujua."

Alitoa jiwe, akalitupa, akaendelea na mchele kwa muda. Kisha akaanza kucheka peke yake. "Sikiliza nikuambie. Siku ya kwanza soko la muda, nimekwenda chooni. Nimepapasa mlango, nikakuta una komeo kwa ndani. Komeo, mwanangu! Nikafunga. Miaka yote nimeuza pale sijawahi kufunga mlango nikajisaidia kama mtu. Nikakaa humo mpaka mtu akagonga akaniuliza kama nimekufa." Akacheka tena, nami nikacheka huku nalia. "Kwa hiyo usije ukaturudishia soko la zamani kwa ajili yangu. Mimi silitaki. Ukitaka kunifanyia jambo, nisogeze tu kwa jirani."

Nikayatazama macho yake kwa karibu. Katikati ya mboni palikuwa peupe, kama tone la maziwa. Nikamuuliza kama amewahi kwenda hospitali.

"Nilikwenda. Wakasema mtoto wa jicho, hutolewa. Nikaogopa kisu."

"Mama naye aliogopa."

"Eeh, alitaka kwenda kufia Misima."

"Na wewe ulimwambiaje?"

Vidole vyake vikatulia juu ya mchele. Binti yake akachungulia mlangoni kuona kama tumeondoka. Mwishowe akasema, "Leo maneno yangu mwenyewe yamenifuata mpaka Mazinde." Akakubali, kwa sharti moja, kwamba mama yangu ndiye atakayekaa mlangoni.

Jumatatu niliingia kwa mkuu wangu nikamwambia mpango wangu una kosa. Sikuzunguka. Nikaeleza ya mama mkubwa. Mhandisi alikuwepo, akasikiliza kwa heshima, akasema, "Nakuelewa, lakini hatuwezi kuweka kabichi juu ya maharage. Mboga zina maji. Nafaka zitaota." Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyeandika hivyo kwa mkono wangu. Nikarudi kwenye karatasi. Baada ya siku tatu za kufuta na kuchora nikaona kwamba si lazima mboga zikae mwisho. Nikizisogeza zipakane na nafaka, katikati ukipita mfereji mwembamba wa zege wenye mfuniko, basi meza za mpakani zitatazamana, na mtu wa nafaka ataweza kuongea na mtu wa mboga bila kunyanyua sauti. Kupata maji ingebidi bomba lirefushwe kidogo. Mhandisi akapiga hesabu zake, akasema inawezekana.

Halafu tukaita mkutano wa wafanyabiashara, na safari hii sikubeba karatasi ya rangi. Nikauliza swali moja tu: "Kule kwa zamani, nani alikuwa anakaa na nani, na kwa sababu gani?"

Kwanza wakatazamana. Kisha mikono ikaanza kuinuka. Kulikuwa na muuza vitunguu asiyesikia, ambaye mwenzake wa pembeni ndiye aliyekuwa anampokelea maneno ya wateja na kumgeuzia kwa ishara za mikono. Kulikuwa na dada wawili waliokuwa wanapokezana mtoto mchanga. Mzee mmoja wa nyanya mguu wake ulikuwa mbovu, na kijana wa mchele ndiye aliyekuwa anamshushia mizigo. Hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu tangu utotoni, na mimi nilikuwa nikitazama vumbi kwenye mwanga.

Si wote tulioweza kuwasaidia. Muuza dagaa mmoja alikuwa amekaa miaka mingi ubavuni mwa rafiki yake wa unga, na dagaa na unga havikai pamoja hata ufanyeje. Nikamweleza. Akasimama, akajifunga kanga upya, akasema, "Mmetujengea pazuri, mmetugawa," akatoka. Mpaka leo nikimsalimu anaitika, ila kwa nusu sauti.

Mama mkubwa akapasuliwa jicho la kwanza kabla soko jipya halijakamilika. Mama alikaa mlangoni kama alivyoahidi, amebeba chupa ya chai na kanga ya akiba. Kesho yake wakatoa bandeji, nami nilikuwepo. Mama mkubwa alipepesa, akatazama dirisha, akatazama ukuta, akatazama mikono yake mbele na nyuma. Kisha akamgeukia mama yangu, akamkazia jicho kwa muda mrefu.

"Jirani," akasema, "kumbe umezeeka hivi!"

"Subiri upewe kioo," mama akamjibu.

Muuguzi alilazimika kutuomba tupunguze sauti.

Soko jipya sasa linafanya kazi. Lina paa la juu, sakafu ya kufagilika, maji, na vyoo ambavyo mama huvisifia kwa wageni kama vile vimejengwa ndani ya nyumba yake. Meza yake na ya mama mkubwa zinatazamana, mfereji umepita katikati. Mama mkubwa siku hizi anaona karibu vizuri, kiasi kwamba hahitaji tena kuambiwa nani amevaa kanga gani, lakini mama humwambia tu kwa mazoea, na mwenzake humjibu, "Nimeona, jirani, nimeona."

Sisemi hakuna kilichopotea. Jengo lina mwangwi, na wanawake waliozoea kuitana kutoka kona hadi kona ilibidi wajifunze kuongea chini. Fundi viatu aliyekuwa na kibaraza pembeni ya lango hakutaka kuingia ndani, akahamia kwenye veranda ya duka moja barabarani, na wanaomfuata si wengi kama zamani. Ile hali ya mtu kupita tu bila kununua, akakalishwa kwenye gunia akapewa habari za mji, imepungua, maana magunia yenyewe sasa yana ghala lake. Nikipita huwa napakumbuka kule kwa zamani, na sioni vibaya kupakumbuka. Ila kumbukumbu yangu nimeipunguzia madai. Ninachoshukuru ni kwamba kulikuwa na mwanamke aliyemwambia mgeni asogee pakavu, kwamba alinikalisha juu ya gunia nikasoma, na kwamba nilipomkosea hakunitolea neno baya. Mabati yale hayakufanya hata moja katika hayo.

Mwaka huu nimehamishiwa Handeni. Kuna mtaa wa maduka ya zamani unaotakiwa kupangwa upya, pamoja na uwazi mbele yake ambako wanawake wa Kang'ata hushusha machungwa, viazi na mihogo siku za gulio. Bibi yangu aliwahi kuuza kunde uwazini hapo, kabla mama hajahamia Korogwe. Asubuhi ya kwanza niliacha vipimo kwenye gari nikaenda kuomba kukaa kwa mama mmoja wa machungwa. Akanishangaa.

"Afisa mzima unakaa juu ya ndoo?"

"Nitakaa popote, mama."

Akanyanyuka akanipa kigoda chake, yeye akakaa kwenye ndoo. "Haya, unataka kupima nini?"

"Leo sipimi. Nataka unijulishe majirani zako."

Akanitazama kwa jicho la mashaka, akamenya chungwa taratibu, akanipa nusu. Kisha akageuza kichwa akamwita mwenzake wa viazi: "Dada, hebu njoo huku. Kuna mtoto wa serikali anatuulizia sisi wenyewe."